Kwenye nyasi za vibosile chini ya Mlima Meru

Wiki hii hatuendi disko, wala hatuendi Mto wa Mbu kula ndizi nyekundu. Tunakwenda kuangalia gofu. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kupekua kurasa za nyuma kutafuta habari za Simba na Yanga. Tulia kwanza, mshikaji. Simba na Yanga wapo kila siku.

Na wala sisemi gofu lile la nyumba iliyobomoka. Nasema mchezo wa gofu, ule wa fimbo na kampira keupe, ambao kwa sisi wa mitaani umekaa kama harusi ya tajiri: muziki unausikia, pilau unainusa, lakini kadi huna.

Simama pale Mnara wa Saa, ambao wenyeji husema ndio katikati ya Cairo na Cape Town, uulize machalii kumi kiwanja cha gofu kiko wapi. Wote watakunyoshea kidole, kwamba shuka hivi, kipo huko upande wa AICC, nyasi zinaonekana mpaka Hoteli ya Mount Meru. Sasa waulize hao hao kumi, nani ameshaingia? Hapo ndipo utaona watu wanaangalia viatu vyao. Mji huu Bill Clinton alipokuja Agosti 2000 kwenye mkataba wa amani ya Burundi aliuita Geneva ya Afrika, na kweli wageni wa kila aina wameingia kwenye ule uwanja. Chalii wa Ngarenaro yeye anaujulia kwenye ua.

Mimi nimeamua kutia timu, tena mara mbili. Jumamosi nilikwenda Arusha Gymkhana hapo mjini, Jumapili nikapanda gari mpaka Usa River kwenye kile kiwanja kikubwa wanachokiita Kili Golf. Sikubeba fimbo wala sikucheza. Nilikwenda kuwa mtazamaji tu, kama anavyokwenda mtu uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuangalia mpira.

GYMKHANA NI NINI HASA?

Neno lenyewe wakoloni wa Kiingereza walilibeba kutoka Bara Hindi, lina maana ya nyumba ya mchezo wa mpira. Wakalimwaga kila mji walipopiga kambi ya starehe: Dar es Salaam, Morogoro, Arusha. Mzungu akimaliza kazi ya bwana shauri au ya shamba la kahawa, jioni anakwenda klabu. Anacheza tenisi, anacheza kriketi, anapiga gofu, halafu anakaa barazani na glasi yake. Mwafrika alikuwa akiingia kwa mlango mmoja tu, mlango wa kazi: kufyeka nyasi, kupika, kupeleka vinywaji na kubeba mfuko wa fimbo.

Mkoloni aliondoka 1961, klabu zikabaki. Siku hizi wanachama ni Watanzania wa rangi zote, Waafrika, Wahindi na Wazungu, mradi mtu awe na uwezo wa kulipa. Kwa hiyo ukitaka kusema ukweli, ukuta wa rangi ulianguka, uliobaki ni ukuta wa mfuko.

Kiwanja cha Arusha kina mashimo tisa. Usije ukadhani ni nusu kiwanja, la hasha. Wachezaji wanaotaka kumi na nane wanazunguka mara mbili. Nilifika saa moja asubuhi, mlima umejianika wote bila wingu, yaani unaona mpaka mikunjo ya miamba kule juu kwenye zaidi ya mita 4,560. Getini nikamwamkia mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Nimekuja kuangalia gofu."

Mzee akanitazama juu mpaka chini. Nilikuwa nimevaa suruali ya kitambaa, shati lenye kola na raba safi, maana nilishaambiwa jinzi kwenye viwanja hivi haiheshimiki. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia. "Kuangalia?" Nikasema ndiyo. Akacheka, akanielekeza nikajitambulishe mapokezini. Dada wa mapokezi naye alinisikiliza vizuri, akaniambia kuna wachezaji wameshaanza, nisiwakatishe njia na simu niizime sauti. Basi. Mambo yakaishia hapo.

JINSI YA KUANGALIA MCHEZO AMBAO HAUNA REFA ANAYEPIGA FILIMBI

Tatizo la kwanza la mtazamaji mgeni ni kwamba hajui ashangilie nini. Kwenye soka mpira ukiingia wavuni hata mtoto anajua. Huku mtu anapiga, mpira unapotelea angani, wenzake wanasema "safi", na wewe umeachwa unaangalia kunguru.

Ngoja nikupe shule fupi. Kila shimo lina idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatakiwa aitumie, wanaiita pa. Kuna pa tatu, pa nne na pa tano kutegemea urefu wa shimo. Ukimaliza kwa mkwaju mmoja chini ya hapo umepata bedi, yaani ndege. Mikwaju miwili chini ni igo, yaani tai. Ukizidisha mmoja umepata bogi, na uso lazima ukunjike. Mwisho wa siku mwenye mikwaju michache ndiye bingwa. Kwa hiyo mtu akitamba amepata 110, usimpe hongera haraka haraka.

Mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14. Mpira una uzito usiozidi gramu 45.93. Shimo lenyewe lina upana wa sentimita 10.8, kama mdomo wa kikombe kikubwa cha chai. Sasa fikiria, mtu yuko mbali kiasi kwamba hata bendera ya shimo haioni vizuri, kuna miti, kuna mashimo ya mchanga, halafu anatakiwa akiingize kile kimpira kwenye kikombe kwa mikwaju minne. Ni ngumu ile mbaya! Mpira ukipotea kwenye majani una dakika tatu za kuutafuta. Zamani zilikuwa tano, sheria ikabadilishwa 2019.

Kazi ya mtazamaji ni tatu. Moja, mtu akishasimama kwenye mpira, funga mdomo na usitembee, hata kohozi limeze. Mbili, usikae mbele ya anayepiga, maana mpira ule ukikupata kichwani utaamkia wodini. Tatu, ukisikia mtu anapiga kelele "foo!" usigeuke kuangalia nani anaita. Inama, ziba kichwa. Hiyo ina maana mpira umepotea njia na unakuja kwako.

Kuna jambo jingine tamu. Huku mtazamaji hakai jukwaani, anatembea na mchezo. Mashimo kumi na nane ni kama kilomita saba kwa miguu na saa nne hivi za muda. Ukimaliza umefanya mazoezi, umeona mlima, umevuta hewa safi, na hakuna mtu aliyekumwagia mkojo kwenye chupa kutoka jukwaa la juu.

MTU ANAYEJUA ZAIDI NDIYE ANAYEBEBA MFUKO

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niandike makala hii.

Kila mchezaji anatembea na kedi, yaani kijana anayebeba mfuko wa fimbo. Nilidhani nitawaona wamenyamaza nyuma ya bosi kama wapagazi wa mlimani. Wapi! Kedi ndiye anayeongea. Anamwambia bosi upepo unatoka wapi, achukue fimbo namba ngapi, mpira utadunda wapi. Niliungana na kundi moja la wachezaji watatu, nikamganda kedi mmoja, chalii wa makamo yangu, mwembamba, kofia imefifia kwa jua.

Tukafika kwenye griini, pale ambapo nyasi zimekatwa fupi kama zulia la msikitini. Bosi wake, mzee mmoja mwenye kitambi cha heshima, alikuwa na mkwaju wa kama mita mbili. Mimi kwa macho yangu naona uwanja umenyooka kabisa. Kedi akachuchumaa, akatazama, akamwambia, "Mzee, kushoto kiganja kimoja. Usiende moja kwa moja."

Mzee akaguna. Akauliza, "Una uhakika? Mbona naona tambarare?"

"Mzee, mlima uko kule. Mpira unaukimbia mlima."

Mzee akapiga kushoto kiganja kimoja. Ule mpira ukaenda, ukaenda, mwisho kabisa ukajikunja kama umeitwa jina, ukazama. Mzee akampa mkono kijana wake mbele ya wenzake, na wale wenzake wakaanza kuwalaumu makedi wao. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba hairuhusiwi.

Njiani nikamuuliza yule chalii, wewe mwenyewe unacheza?

"Nacheza, kaka. Siku wakituruhusu."

"Unapata ngapi?"

"Nikiazima fimbo nzuri, themanini siifikishi."

Kwa wasiojua, kupiga chini ya 80 si mchezo wa mtoto. Kuna vibosile wamenunua seti za fimbo za bei ya pikipiki, wamecheza miaka kumi, na 90 wanaisikia redioni. Huyu chalii fimbo zake mwenyewe hana. Ana mtoto mmoja na chumba cha kupanga. Analipwa kwa mzunguko, na masika yakiingia, Machi mpaka Mei, nyasi zikilowa na wachezaji wakikaa nyumbani, mfukoni kunakauka. Nikamuuliza anataka nini katika maisha. Hakusema gari wala Ulaya. Alisema anataka seti nzima ya fimbo, hata iwe kuukuu, ili awe mchezaji wa kulipwa.

Si ndoto ya kichaa. Arusha hii hii imemtoa Nuru Mollel, ambaye ni mchezaji wa kulipwa anayefahamika nchi nzima. Imemtoa Madina Iddi, dada ambaye amebeba vikombe mpaka nje ya mipaka na kuipeperusha bendera yetu kwenye gofu ya wanawake. Na mwaka 2024 yakaanza mashindano ya Lina PG Tour, ya kumuenzi marehemu Lina Nkya, mwanamke aliyeupigania sana mchezo huu nchini. Yanazunguka viwanja mbalimbali na wachezaji wa kulipwa wanagombea fedha. Maana yake mlango umeshaanza kufunguka. Swali ni nani atakuwa amesimama karibu nao akiwa na fimbo mkononi.

JUMAPILI: USA RIVER

Kesho yake nikapanda Hiace ya barabara ya Moshi. Tukapita Tengeru, tukapita Makumira, migomba kushoto na kulia, mpaka Usa River, kama kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Hapo unachukua bodaboda, unaiacha lami, unaingia upande wa kusini. Na hapo ndipo utaona ajabu ya Meru. Upande wa juu wa barabara kijani kibichi, mito na migomba. Ukishuka kidogo tu, vumbi, miiba na jua la kuchoma. Halafu ghafla, katikati ya ukame, nyasi!

Kili Golf ina mashimo 18, pa yake ni 72. Aliyekichora kiwanja ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini, huyo huyo aliyechora Vipingo Ridge kule pwani ya Kenya. Kipo kwenye eneo la shamba la zamani la Dolly, kumezungukwa na nyumba za kifahari, na digidigi wanakatiza njia kama wenye mji. Ukigeuka huku unaiona Meru, ukigeuka kule, siku ikiwa njema, unaiona Kilimanjaro na theluji yake. Nimetembea, lakini kiwanja chenye milima miwili ya namna hiyo sijakiona kwingine.

Hapa pia nilijiandikisha getini, nikasema nimekuja kuangalia na kunywa soda. Kule klabu nikapata kiti kivulini, naangalia watu wanamaliza shimo la mwisho. Wageni wengi walikuwa watalii, wameshuka mbugani wananyoosha viungo. Mtu kapiga mpira, digidigi kashtuka, kila mtu kacheka. Raha mustarehe.

Lakini mtu aliyezaliwa chini ya mlima huu hawezi kuangalia nyasi tu akaishia hapo. Ardhi ya Meru ina historia yake. Makaburu na Wajerumani walishaanza kujikatia mashamba hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwatimua Wameru wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki mwa mlima, ili wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Wameru wakachangishana senti zao, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama Umoja wa Mataifa kuieleza dunia. Kijana wa kijijini, enzi hizo, anakwenda kumshitaki Mwingereza! Kesi hiyo haikuhusu shamba la Dolly, naomba nieleweke. Ila inaeleza kwa nini kwetu neno "shamba la mzungu" halipiti kooni kirahisi, na kwa nini mzee wa Usa akiona maji yanarushwa juu ya nyasi zisizoliwa na ng'ombe wala mtu, anatikisa kichwa.

Kwa upande wa pili nako kuna hoja, nami sitaificha. Nyasi hazijikati zenyewe. Kuna vijana wa vijiji vya jirani wanakata, wanamwagilia, wanapika, wanalinda, wanabeba mifuko. Na kule mjini, niambie, kama pasingekuwa na Gymkhana, pale pangekuwa na nini leo? Sote tunaijua Arusha. Pangekuwa na maghorofa, maduka ya simu na gereji, na ule ukijani ungebaki kwenye picha. Viwanja vya mpira vya mitaani tulivyochezea utotoni vingi vimeshamezwa na nyumba. Cha gofu kimebaki kwa sababu kina wenyewe wenye sauti. Inauma kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo mimi siungani na wale wanaosema vilimwe mahindi. Ninachosema ni kwamba nyasi zibaki, geti ndilo lilegezwe. Majirani zetu Wakenya wana mashindano yao ya Kenya Open tangu 1967. Seve Ballesteros mwenyewe aliyabeba 1978, na kuanzia 2019 yameingia kwenye ratiba ya ziara ya Ulaya. Watu wa kawaida wa Nairobi wanakwenda kuangalia, wanatembea na wachezaji kutoka shimo hadi shimo, na wengine wamekwenda kuangalia mara moja wakaishia kushika fimbo. Sisi tuna viwanja Arusha, Moshi, Morogoro, Lugalo cha jeshi pale Dar, mpaka Zanzibar. Klabu zikitenga siku moja kwa mwezi watoto wa shule za kata waingie, na makedi ndio wawe walimu, gharama yake ni ndogo kuliko karamu moja ya kukabidhi vikombe. Walimu wapo tayari, wanabeba mifuko.

UKITAKA KWENDA

Nenda asubuhi, kabla ya saa tatu, maana mlima ukishajifunika wingu mara nyingi haurudi mpaka jioni. Juni na Julai kuna baridi na mawingu, Desemba mpaka Februari ndio msimu wa kuringa. Vaa shati lenye kola na viatu visivyo na kisigino, maana kisigino kinatoboa nyasi na utatolewa bila mjadala. Dada zangu, hilo nalisema kwenu hasa. Jitambulishe mapokezini, sema wazi umekuja kuangalia, uliza kama kuna mashindano na kama watazamaji wanaruhusiwa siku hiyo. Wakisema leo hapana, ni hapana, uliza lini ndiyo. Nunua hata soda, usiwe mgeni wa kukodoa macho tu. Na usipige picha za watu bila kuwaomba, kuna wengine wameaga ofisini kwamba wanaumwa.

Kubwa kuliko yote, usiwafuate vibosile. Fuata kedi. Mwamkie, mpe nafasi afanye kazi yake, halafu muulize kwa nini alichagua fimbo ile na si nyingine. Ndani ya mashimo matatu utakuwa umejifunza zaidi ya mtu aliyeangalia televisheni mwaka mzima. Na kama kuna msomaji hapo ana seti ya fimbo inayopata vumbi stoo tangu mzee wa nyumba aache kucheza, Arusha kuna chalii mmoja ambaye themanini haifikishi. Klabu yoyote ukiuliza watakuonyesha wa kwao.

Wiki ijayo tutaona tunakwenda wapi. Leteni maoni.